Chokaa ya Wageni

Nimesikia Jumatatu mnaenda kusimama kwenye geti la shamba la maua muone kama mtaandikwa. Poa sana. Bebeni vitambulisho, vaeni nguo ambazo hamzionei huruma, na mkiulizwa kama mmewahi kushika makasi, semeni ndiyo, hata kama ni ya kunyoa ndugu yenu. Ninawaandikia haya kwa sababu hapa Murera kando ya barabara, tukianza kuongea, mteja anafika kuuliza miche ya avokado na hadithi inakatika katikati.

Mnaniita mstaafu na mnacheka. Mstaafu gani hana hata mvi? Lakini kazi ya maua niliiacha, au iliniacha, na bado naiota. Naota nina grinihausi yangu, wasichana wanaimba ndani, na mlangoni kuna kiti cha mtu mmoja ambaye hatakuja kukikalia. Huyo mtu ndiye nataka mumjue kabla ya Jumatatu. Masomo yangu mnayajua, yaliishia Fomu Tu, kidato cha pili, kwa hivyo mkikuta nimeandika kitu vibaya, rukeni muendelee.

Watu wapya wengi hupelekwa kwa waridi. Mimi nilipelekwa kwa Erika. Erika si mtu, ni kichaka. Kinafika magotini, na ukikiona mara ya kwanza hutakipa heshima. Kwao ni nchi za baridi na upepo, mahali pa wazi ambapo udongo ni maskini hata nyasi zinaona haya kumea. Ndugu zake wengine wako juu kule Nyandarua, na huko wamekuwa miti kabisa, watu walikuwa wanachanja kuni. Hiki chetu kililetwa shambani, hapa katikati ya Thika na Ruiru, kwa majaribio. Matawi yake yaliuzwa ng'ambo kujazia shada, ili waridi lionekane limekuja na watu wake.

Jani la Erika ni kama sindano, jembamba kuliko punje ya mchele. Kingo zake zimejikunja kwenda chini zikaacha mfereji mdogo tumboni mwa jani, na ndani ya huo mfereji ndimo anamopumulia. Jua liwake, upepo upige, maji hayamtoki ovyo. Majani yanakaa mannemanne kukizunguka kijiti, kama watu walioshikana mikono. Ua ni kengele ndogo inayoning'inia kichwa chini, mdomo umebanwa, na mdomoni kuna meno manne ukiwa na macho ya kuyaona. Yetu yalikuwa ya zambarau iliyochujuka, na mengine meupe. Mizizi ni myembamba kama nywele za mtoto mchanga. Haizami, inatambaa juu juu, na inaishi pamoja na kuvu fulani inayoisaidia kutafuta chakula. Kwa hivyo ukimpa Erika mbolea ya waridi, unamuua. Ukimpa samadi, unamuua. Ukimpa chokaa, hapo umemzika. Anataka udongo mchachu, maji ya mvua, na kuachwa.

Haya yote nilifundishwa na supavaiza wetu, Tata Wanja. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, lakini sote tulimwita Tata, hata meneja. Alikuwa mjane wa Gatuanyaga, kule kwenye vumbi na mbuzi, mrefu, na kucha ya kidole gumba cha kulia alikuwa haikati. Zile nyingine alizikata hadi kwenye nyama. Hiyo moja ilikuwa chombo cha kazi.

Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya vichaka viwili vilivyochanua.

"Shiro, hapa kuna mzima na maiti. Maiti ni yupi?"

Nikatazama. Vyote vilikuwa na kengele, vyote vilipendeza. Nikabahatisha, nikaonyesha cha kushoto.

"Haiya! Umenizikia mzima."

Akainama, akakikwaruza cha kushoto kwa ile kucha, kidogo tu, pale chini karibu na udongo. Ndani ya ganda kukatokea kijani cha pojo mbichi. Akakwaruza cha kulia. Kahawia, kikavu kama kijiti cha kiberiti.

"Huyu alikufa kabla sijaenda nyumbani Pasaka," akasema. "Na maua bado anayo. Ua la Erika haliporomoki, linakaukia papo hapo na rangi yake. Wengine wakifa wanainamisha kichwa. Erika hana adabu ya kukuambia."

Sasa shikeni hii ya kukata, itawasaidia popote mtakapoenda. Katingi ya Erika, kile kijitawi cha kuotesha, unaitoa kwenye ncha ambayo haijachanua, nusu ya kidole, asubuhi kabla jua halijaingia ndani. Unapangusa majani ya chini kwa vidole viwili bila kuchuna ganda. Unachomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji chachu. Halafu unanyamaza. Tata alilisema hilo la kunyamaza kama sehemu ya kazi. Msichana akivuta katingi aone kama imetoa mizizi, alipigwa kofi mkononi. "Wewe ungekuwa unafukuliwa kila siku, ungemea?"

Na kuna neno lazima mlijue kabla hamjafika getini. Katingi zisiposhika, mashamba mengi hayaulizi udongo, hayaulizi maji. Yanauliza nani alikata. Huyo anaambiwa ana mkono wa moto. Hilo jina likikukalia, shamba la jirani nalo limeshalisikia kabla hujafika, na utasimama getini mpaka viatu viishe. Niliona wasichana wazuri wakiondoka hivyo. Mmoja alikuwa anaangalia viganja vyake njiani kama vya mtu mwingine.

Maji yetu yalikuwa kazi ya Karanja. Huyo alikuwa mtu wa mipira na mabomba, mdomo hauna breki. Maji ya kisima cha shamba yalikuwa na magadi, yale ya kuacha ukoko mweupe kwenye sufuria, kwa hivyo Erika alinyweshwa maji ya mvua tuliyokinga kwenye paa. Kila asubuhi Karanja alifungua koki akisema, "Huyu Elika ana mabwana wangapi? Wanawake wote hawa wanamchana nywele, na mimi bibi yangu nyumbani hana hata kitana." Alikuwa anasema Elika. Tulimsahihisha tukachoka. Wakati mmoja aliionea huruma miche, akaona imekonda, akailetea maji ya samadi ya mbuzi kwenye ndoo, kwa siri. Meza nzima ya miche ikafa. Tata aliikagua ile meza mche kwa mche.

"Karanja, umeua kwa huruma. Hiyo kesi hata polisi hawana."

Tulicheka sana. Ningejua kinachokuja, sijui kama ningecheka.

Asubuhi moja meneja aliingia kwenye nyumba yetu, yaani grinihausi ya Erika. Alikuwa kijana mpole, na hiyo siku alikuwa amevaa uso wa kanisani. Alisema wanunuzi wanakuja kutoka ng'ambo kuiangalia Erika. Wakiipenda, anatujengea nyumba nyingine. Wasipoipenda, inang'olewa na panawekwa nyanya, na nyanya hazihitaji wasichana wote hawa. Alisema hivyo akitazama gambuti zake. Ndani ya ile nyumba kulikuwa na mama zangu wa kazi, kila mmoja na nyumba ya kupanga Ruiru au Thika, na watoto wa shule.

Meneja alipotoka, Tata akajifuta mikono kwenye aproni.

"Wageni hawawezi kutukuta hivi," akasema.

Nyinyi mnajua alimaanisha nini, hata sihitaji kueleza. Shuleni inspekta akija, mnafanya nini? Kanisani askofu akija? Mawe yanapakwa chokaa. Njia ya kwenda ofisini, shina la mti, kingo za maua, nyeupe pe. Hakuna anayefikiria. Ni kama kunawa uso. Mgeni akikuta mawe meusi, hamkumtarajia.

Tata alienda mwenyewe Thika akarudi na gunia la chokaa limefungwa nyuma ya bodaboda, yeye mwenyewe mweupe mgongoni kama aliyelala kwenye unga. Tulipanga mawe kando ya vitanda vyote vya Erika, mstari mnyoofu. Tulikoroga chokaa na maji na chumvi, kwa sababu kina mama wa kanisa walikuwa wametufundisha kwamba chumvi inaifanya ishike. Tulipaka tukiimba. Ilipendeza, siwezi kuwadanganya. Zambarau katikati, nyeupe pembeni. Niliota mchana kweupe nikiwa nimeshika ufagio wa kupakia: nyumba mpya, Tata amekalia kiti, mimi ndiye supavaiza.

Mtaniuliza, kwani Tata hakujua? Huyu ambaye alikuwa hakubali hata jivu la jiko lipite mlangoni? Nimelifikiria hilo miaka yote hii. Alijua chokaa. Chokaa ya shamba, ile ya kumwaga kwenye udongo, angeikimbiza hadi barabarani. Lakini hii haikuwa ya shamba. Hii ilikuwa chokaa ya wageni. Kichwani mwake hivyo vilikuwa vitu viwili, na vichwani mwetu pia. Hata meneja, ambaye alisomea udongo chuoni, alipita hapo akasema, "Wow, Tata, smart sana," akaenda zake.

Wageni hawakuja. Wakaahirisha. Vumbi likaingia, mawe yakachafuka, tukapaka tena. Wakaahirisha tena. Kila tukipaka, Karanja alipiga sakafu maji kwa mpira ili matone meupe yatoke kwenye njia, na yale maji yalipita chini ya mawe yakaingia kwenye vitanda. Yalikuwa yanang'aa.

"Leo Elika anakunywa maziwa," Karanja akasema, na tukacheka hilo pia.

Halafu siku moja wakafika kweli. Walikuwa watu wazuri, wana adabu, wanauliza majina yetu na kujaribu kuyatamka. Walisifu usafi. Walipiga picha za mawe, haki ya Mungu, za mawe! Erika ilikuwa imechanua kuliko wakati wowote, kengele tupu hadi huoni majani. Mama mmoja wa wageni akachukua tawi, akalitikisa karibu na sikio lake. Likachakarika kama karatasi. Akafurahi, akamwita mwenzake naye asikilize.

Kengele ya Erika aliye hai haichakariki.

Nilimtazama Tata. Alikuwa amelisikia. Akainama kama mtu anayefunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa gambuti, zisizo na kamba. Niliona bega lake likisogea kidogo, kile kitendo cha kucha. Alikaa pale chini. Na mimi nikainama kwenye kichaka kilicho karibu nami, nikakwaruza kwa kucha yangu fupi mpaka ganda likatoka. Kahawia. Kinachofuata, kahawia. Niliponyanyua kichwa, Tata hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anayaangalia mawe.

Wageni walisema ndiyo. Walitaka hata katingi, nyingi, za kupelekwa shamba lao lingine. Meneja aliwasindikiza hadi kwenye gari akirudi nyuma nyuma kwa furaha. Kreti za soda zikaletwa. Wanawake wakaanza kuimba, Karanja akicheza na mpira wa maji shingoni kama tai. Tata alikuwa anatembea peke yake kutoka kitanda hadi kitanda, anainama, anakwaruza, anasimama. Kwenye kona ya mwisho, pale kando ya stoo ambapo mawe yalituishia tukaacha bila, alikaa zaidi. Hapo kulikuwa na vichaka vichache vyenye kijani ndani. Hivyo tu, nyumba nzima.

Meneja aliporudi alimkuta mlangoni.

"Tata! Soda yako iko wapi?"

"Mwanangu, Erika imekufa."

"Gani?"

"Yote. Ile ya kona ndiyo imebaki. Ni chokaa, na chokaa niliileta mimi."

Nyimbo zilikatika moja moja, kutoka mlangoni kwenda nyuma, jinsi watu walivyosikia. Meneja alitazama ile zambarau yote. "Lakini si maua yapo? Si wameyaona?"

"Yapo. Hiyo ndiyo shida yake."

Karanja alishusha ule mpira shingoni. "Tata, funga mdomo kwanza, nakuomba. Wamesema ndiyo. Tukate katingi, tuwape, tupate huu msimu mmoja. Mbele tutajua mbele."

"Na zisiposhika?" Tata alimuuliza, taratibu tu. "Maiti hatoi mizizi, Karanja. Zisiposhika wataulizwa kina nani? Nani ataambiwa ana mkono wa moto? Mimi?" Akatunyooshea kidole sisi wasichana wa makasi, tulikuwa tumesimama pamoja na soda mikononi. "Ni hawa."

Meneja alitoka nje na simu, na tuliona kupitia karatasi ya nailoni kivuli chake kikienda na kurudi.

Siwezi kuwaambia kwamba ukweli ulitusaidia pale pale. Haukutusaidia. Wageni walishukuru kwa kuambiwa na hawakurudi. Erika iling'olewa na sisi wenyewe tulioipanda, ikachomwa nyuma ya stoo. Inalia ikiungua, kama mvua kwenye mabati, na rangi inakaa hadi mwisho. Nyanya zikaingia. Wengi wetu tukatoka. Na wale kina mama, watu niliokula nao githeri bakuli moja, walimpita Tata kama nguzo. Mmoja alimwambia usoni, "Ulikuwa na midomo ya nini?" Tata akasema, "Pole, mwenzangu," akaendelea kukunja aproni yake. Alikunja vizuri, kona kwa kona.

Mimi nilipata shamba lingine upande wa Ruiru. Getini waliniuliza nilitoka wapi, nikasema kwa Erika, wakasema, aah, ile ya yule mama wa chokaa. Wakanifungulia. Jina langu lilikuwa safi kwa sababu lake lilikuwa chafu. Nilikata waridi huko mpaka kifua kikakataa dawa wanazopulizia, ndipo nikaja kuuza miche hapa mbele yenu. Yeye hakuandikwa tena popote. Alirudi Gatuanyaga kwa mbuzi wake.

Nilikuwa naenda kumwona nikipata nafasi. Hatukuzungumzia chokaa. Aliniuliza kifua, aliniuliza nitaolewa lini, alinicheka. Siku ile ya kung'oa nilikuwa nimekata ncha chache za kichaka kimoja cha ile kona, nikazichomeka kwenye mkebe wa rangi wenye udongo mchachu niliouomba, na moja ikashika. Nilikuwa nampelekea habari zake kama za mtoto. "Umeikwaruza?" alikuwa anauliza. Nilimwambia naogopa kuiumiza. "Kwaruza," alisema. "Mwenye kuogopa kujua ndiye anamwagilia maiti."

Aliugua muda mfupi, tumbo, na hospitali ilikuwa mbali, na uamuzi wake wa kwenda ulikuwa mbali zaidi. Niliposikia, alikuwa tayari ametuacha. Nilipofika mazishini nilibeba ule mkebe kwa mikono miwili, kichaka kikiwa na kengele zake za kwanza, nikitaka nikipande kichwani pa kaburi lake. Nilikuwa nimeota hivyo njia yote, kwamba angalau kimoja chake kitabaki hai hapo kwenye lile vumbi.

Karanja alikuwepo. Alikuwa ameshika jembe, ametulia kama sijawahi kumwona. Alinipokea mkebe, tukasogea kaburini pamoja, tukasimama.

Vijana wa kanisa walikuwa wamefanya kazi nzuri. Kutoka barabarani hadi kaburini walikuwa wamepanga mawe, na kulizunguka kaburi lenyewe pia, na yote yalikuwa yamepakwa chokaa, mbichi bado, matone yanaingia kwenye udongo mpya.

"Tuyatoe?" Karanja alininong'oneza.

Mama mmoja mzee wa kanisa alitusikia. Akanishika kiwiko, kwa upendo kabisa. "Hayo ni ya wageni, mwanangu. Mngekuja kutoka mbali hivyo mkute mawe meusi?"

Nikasema hapana, Mama. Asante, Mama. Karanja alikuwa ameangalia upande mwingine.

Nilirudi na mkebe wangu. Ndio ule uko hapa mbele, kando ya miche ya avokado, ule mnaoniulizaga bei na mimi nabadilisha mazungumzo. Sasa umechanua, mmeuona, kengele tupu. Shish wenu aliniambia juzi kwamba unapendeza, na nikashukuru, lakini kupendeza hakuniambii kitu. Kwa hivyo Jumatatu, kabla hamjaenda getini, piteni hapa mapema. Mmoja wenu, mwenye kucha, ainame akikwaruze hicho kichaka, kidogo tu, pale chini karibu na udongo, aniambie rangi. Mimi nitakuwa nimesimama nyuma yenu. Bado siwezi kukikwaruza mwenyewe.